Kombe la Mlango wa Bibi

Wiki iliyopita nilipita Fordsburg, hapa Jo'burg, mbele ya duka la samani ambako vijana walikuwa wakipaka meza vanishi kando ya barabara, na harufu ile ikanipanda puani hadi nikasimama. Watu wengi wanaipenda. Wanasema ni harufu ya kitu kipya. Mimi siivumilii, na leo nitawaambia kwa nini, maana sijapata kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba yangu, fundi seremala wa kutoka Tanga, alikuwa akifanya kazi kwa tajiri mmoja wa Midrand aliyekuwa na nyumba ya mbao ufukweni, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Msumbiji. Julai ile, tajiri alimtuma akatengeneze sakafu na kupaka vanishi kabla wageni wa kiangazi hawajaanza kuja, akamruhusu achukue na familia. Sisi wa mtaa wa Turffontein, huko huko Jo'burg, tuliozoea kulala na soksi na makoti msimu wa baridi, tuliona tumeshushiwa neema. Tukapakia blanketi na unga kwenye bakkie, ile pikapu ya kazini, tukasafiri kutwa nzima.

Sijapata kumwona baba vile. Jo'burg alikuwa mtu wa kunyamaza; kule ulimi ukamfunguka. Asubuhi, baridi ikiwa bado imelala kwenye mchanga, tulitoka na majaketi mwilini na miguu pekupeku kuyafuata maji yaliyokupwa. Alinionyesha mashimo ya kaa, akanifundisha kukanyaga mwamba bila kuteleza, akanitajia kila kitu kwa jina lake la kwao, nami nikamjibu kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida yetu tuliozaliwa huku.

"Haya, endelea na Kizungu chako," alinitania. "Siku ukikutana na bibi yako utamwamkiaje?"

Alikuwa hajamwona mama yake tangu kabla sijazaliwa. Ni mambo ya karatasi za ukaazi: angetoka nchini, asingeweza kurudi. Siku ile ya kwanza aliokota kombe kubwa la baharini, zito, lenye rangi ya chai ya maziwa. Akasema bibi alikuwa na la namna hiyo la kuzuia mlango usibamizwe na upepo, likavunjika. Hili angempelekea, kulikuwa na mtu wa kwao anayesafiri mwezi uliofuata.

Simu ilikuja siku ya pili. Mtandao ulipatikana juu ya kilima cha mchanga tu, na mimi na mama tulikuwa tumepanda huko, baba yuko chini na brashi yake. Alikuwa baba mdogo Bakari, kutoka Tanga. Nikamwona mama anakaa chini ghafla. Bibi alikuwa amefariki alfajiri. Mazishi ni baada ya adhuhuri.

"Shemeji, usimwambie," sauti ya baba mdogo ilisikika mpaka nilipokaa. "Ataendeshaje gari safari yote hiyo na msiba kichwani? Mfikishe Jo'burg kwanza. Wazee wamkalishe, wamwambie taratibu."

Ndivyo tunavyofanya watu wetu. Msiba haumwagwi kwa mtu aliye peke yake ugenini. Mama alinifuta uso kwa ncha ya khanga yake, akanishika kidevu.

"Rehema, umesikia. Lakini hujasikia."

Siku nne. Siku nne baba aliimba huku akipaka vanishi. Kule Tanga watu wamekaa matanga, wanamsomea mama yake, na yeye huku anachoma samaki na kunitania. Mama alikuwa akiosha vyombo visivyo vichafu. Mimi nilikuwa nikila samaki wale, na nakiri kwamba walikuwa watamu.

Jioni moja baba alinipandisha kilimani ili tumrekodie bibi ujumbe. Aliitazama simu, akaguna. "Mama kimya tangu juzi."

"Mtandao mbovu, baba," nikasema, kwa Kiswahili safi. Alifurahi mno kunisikia nikisema lugha yake, hata hakuuliza zaidi. Akanisogezea simu mdomoni.

"Shikamoo bibi," nikasema. "Tumekuokotea kombe."

Akanikumbatia. Mikono yake ilinuka vanishi.

Tulipofika Turffontein, wazee watatu walikuwa wanangoja sebuleni, wakiongozwa na Babu Kombo wa Unguja, aliyesalisha watu wa kwetu pale mtaani. Baba alisimama mlangoni, kombe mkononi. Nadhani alijua kabla hawajafungua midomo. Babu Kombo aliyasema maneno yote yanayopaswa kusemwa, na aliyasema vizuri. Baba hakulia. Aliuliza tu ilikuwa lini. Alipoambiwa, alimgeukia mama, kisha mimi.

"Na wewe ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ukamwamkia."

Hakunipiga, wala hakulizungumza tena. Kombe liko mpaka leo juu ya kabati la sebuleni kwa wazazi wangu. Mlango wanauzuia kwa tofali.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia baba. Nilitii nilichoambiwa, kosa langu liko wapi? Ni ukubwani tu, nilipoanza kupokea simu za misiba mwenyewe, ndipo nilipoelewa tulimfanyia nini. Mtu yule hakuweza kwenda kumzika mama yake. Alichobakiwa nacho ni kulia siku ile ile wanayolia wenzake, hata kama ni peke yake juu ya mchanga, na hicho tukamnyang'anya, tukakiita huruma. Baba mdogo aliamua, mama akakubali, nami nikatia sauti yangu. Naambiwa nilikuwa mtoto. Hainisaidii.

Juzi mama alikuja kukaa kwangu Midrand, ana mafua kidogo. Nikampigia baba asije akawa na wasiwasi.

"Mama hajambo, baba. Anakunywa chai."

Akasema analoniambia siku zote, taratibu, bila hasira.

"Mpe simu. Nimsikie mwenyewe."