Chungu Kitupu cha Maximilla

Hebu mwone akiingia. Mama mfupi, leso kiunoni, chungu kitupu kichwani, mkononi mrija mrefu wa kunywea busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka. Anaingia kwenye chumba cha mikutano cha hospitali moja Kakamega, ambamo madaktari wamekaa kwa mafunzo kuhusu ulevi. Huyo ni Maximilla Navalayo wa Malinya. Alipika busaa miaka kumi na tisa, akaacha. Siku hizi ni mhudumu wa afya wa kijiji.

"Mama, umetuletea na kinywaji chenyewe?" daktari kijana, Kibiwott, alimtania.

"Ningewaletea, nani angetibu watu kesho?"

Wakacheka. Maximilla hakucheka. Wodini, hatua chache kutoka pale, mdogo wake Osiako, mkata miwa wa Kabras, alikuwa amelazwa na mguu uliovunjika. Ilikuwa siku yake ya tatu bila busaa. Tangu alfajiri alikuwa akitetemeka na kufukuza nyuki ambao hawakuwepo. Malaria imempanda kichwani, walisema wa wodini. Kaka yao Were alianza hivyo hivyo, na hakurudi nyumbani.

Daktari Edah, aliyemwalika Maximilla, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kueleza kwamba ulevi una upande wa kurithi: mtoto wa mlevi huzaliwa karibu zaidi na hatari, ingawa si lazima aangukie humo.

"Baba alikunywa, Were akanywa, Osiako anakunywa," Maximilla alisema. "Mimi nilipika tu, kuonja niliogopa." Akamgeukia Kibiwott. "Daktari, yule wa kitanda cha dirishani ni ndugu yangu. Uliandika anakunywa kiasi gani?"

"Nilimuuliza chupa ngapi kwa siku. Akasema chupa hajawahi kushika."

"Na hakukudanganya!" Akatua chungu mezani, akatumbukiza mrija. "Watu wanane wanazunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Kikipungua, mwenye nyumba anaongeza maji moto. Utahesabu chupa gani hapo? Muulize anakaa chunguni kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi."

Kibiwott alikuwa ameshasimama. Wakamfuata mpaka kitandani.

"Osiako, chunguni huwa unakaa kuanzia saa ngapi?" Kibiwott aliuliza.

"Saa sita, nikitoka kwa miwa. Mpaka wanibebe. Wee, toa hawa nyuki!"

Hawakungoja zaidi; haikuwa malaria. Alipewa dawa ya kutuliza mwili uliokosa pombe ghafla, na sindano za vitamini. Siku mbili baadaye alifungua macho, akamtambua dada yake, akatazama kile chungu, ambacho Maximilla alikuwa amekihamishia chini ya kitanda.

"Dada, kweli unaniletea chungu kitupu?"

Maximilla alicheka hadi muuguzi akaja kuona kuna nini.

Leo Osiako anatembea, na mwaka umepita hajarudi chunguni. Kwenye fomu ya wodi ile, swali la chupa limefutwa. Limeandikwa la Maximilla. Madaktari wapya wakija, ni yeye anayewafundisha kuliuliza, mrija mkononi.

Na yule wa kwenu anayesema hanywi hata chupa moja, umewahi kumuuliza hukaa wapi, tangu saa ngapi?