Volti Themanini Zilizobaki Njiani

Kaka yangu Floribert alikuwa fundi wa umeme kwenye kilima chetu juu ya Mushaki. Alikufa Jumapili, wakati wa misa, kwa kukosa volti themanini. Ninawaandikia watoto wake, Prince na Nishimwe, wasije wakaambiwa kwamba Mungu alipenda tu hivyo. Mungu ninamwamini. Lakini hesabu niliifanya kwa mkono wangu.

Alisomea umeme Goma. Kabla ya kufungua hata redio ya jirani alipima kwanza na kuandika. Nilipomaliza sekondari alinifundisha: ukizidisha volti kwa ampere, unapata wati, ndiyo nguvu; ukigawa volti kwa ampere, unapata ohm, ndiyo ukaidi wa waya. Waya mkaidi hula umeme kabla haujafika.

Miaka mitatu iliyopita parokia ilituletea turbine ndogo ya kuzalisha umeme kijitoni, pamoja na waya wa shaba wa kufikisha umeme kwenye kituo cha afya, mita mia nane kutoka pale. Kabla ya kuufunga, vita vilitukimbiza. Tuliporudi, turbine ilikuwapo. Shaba haikuwapo.

Papa Athanase, mzee mwenye malisho upande wa Kirolirwe, aling'oa waya wa uzio wa ng'ombe wake, akauleta altareni kama sadaka. Padri akaubariki. Baada ya misa, Floribert alimvuta mzee pembeni.

"Papa, waya hii iko ya chuma, na iko na kutu. Umeme itabakia mule njiani."

"Waya ni waya, Floribert! Imezuia ng'ombe yangu miaka kumi, itashindwa na balbu?" Watu walicheka. "Ao unataka turudishie Mungu sadaka yake?"

Kwetu, kitu kilichopita altareni hakirudishwi, na anayekikataa hukumbukwa kwa hilo mpaka kwenye harusi za watoto wake. Siku ya salongo kilima kizima kilitoka kufanya kazi ya pamoja. Waliunga waya kwa kusokota, kama wachungaji wanavyounga uzio, na Floribert mwenyewe akapanda nguzo. Balbu ya kituo ilipowaka, akina mama walipiga vigelegele.

"Umeme njo hii sasa!" Papa Athanase alimpigia kelele. "Hesabu yako iko wapi?"

Nyumbani alinionyesha ilipo. Balbu zote pamoja, za kituo, za kanisa na za nyumba zilizoungwa kwenye waya huo, zilivuta sehemu mbili tu za kumi za ampere moja. Waya ulikuwa na ohm arobaini. Kwa hiyo volti nane zilipotea, na kati ya mia mbili na ishirini zilifika mia mbili na kumi na mbili.

"Balbu inakula kidogo," alisema. "Kwa hiyo haiwezi kutuonyesha ubaya wa waya. Ngoja ije mashine."

Mashine ya oksijeni ilikuja mwaka jana. Ubavuni iliandikwa volti 220, wati 350. Floribert alizima kila kitu kingine, akaiwasha, akapima. Ilivuta ampere mbili, na volti zilizofika zilikuwa mia moja na arobaini. Themanini zilibaki njiani. Themanini kugawa kwa mbili, ohm arobaini. Themanini mara mbili, wati mia moja na sitini, waya unazila bure na kupata joto. Mashine ililia king'ora, ikasimama. Aliifunika kwa kitenge cha marehemu mama yetu ili isiingie vumbi. Aliandika barua mbili Goma kuomba shaba. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili haikupita Sake, njiani.

Mwezi wa kumi na moja alishinda siku nzima ndani ya maji, akizibua mfereji wa turbine. Homa ikamshika, kisha mapafu. Jumapili asubuhi tulimbeba kwa machela hadi kituoni. Muuguzi, Mama Hélène, alitazama kucha zake: zilikuwa za bluu. Barabara ya Goma ilikuwa imefungwa na mapigano.

"Tuwashe tu ile mashine," alisema Mama Hélène.

Ikalia. Nilichukua kipimo cha kaka. Alikuwa akitazama mkono wangu.

"Ngapi?"

"Mia moja na makumi tatu na mbili."

Papa Athanase alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Tuzime nyumba zote! Na baffle ya kanisa!"

"Mutapata volti nane, Papa," kaka alisema, akipumua kila baada ya neno. "Haitoshi."

Lakini mzee alikuwa ameshakimbia. Nikasikia sauti ya padri ikikatika kwenye hiyo spika, kisha miguu ya watu wanaotoka kanisani, wanaoitana, wanaochomoa simu na redio nyumba kwa nyumba. Nilisali Salamu Maria macho yakiwa kwenye kipimo. Namba ikapanda.

Papa Athanase alirudi akihema. "Tumezima kilima nzima! Nicole, imepanda?"

"Imepanda, Papa."

"Imefika ngapi?"

"Mia moja na makumi ine."

"Asante, Yezu! Asante!"

Mashine ilikuwa bado inalia. Floribert alinitazama mimi, si yeye. "Njo ile ile ya mwaka jana," alisema. Nilifanya hesabu tena katika daftari lake, na tena, kana kwamba arobaini ingeweza kuwa kumi. Nilipoinua kichwa, Mama Hélène alikuwa amezima mashine.

Siku ya tatu baada ya maziko Papa Athanase alikuja na koleo kuukata waya wake. Mama Hélène alimshika mkono nguzoni.

"Ukiikata, Papa, wanawake watazalia mu giza."

Mzee akaketi kwenye nyasi na kulia. Waya bado umening'inia. Jioni balbu ya kituo inawaka vizuri kabisa, volti mia mbili na kumi na mbili, juu ya mashine iliyofunikwa kitenge cha mama.