Siku Ng'ombe wa Bwera Alipoulalia Mkono Wangu

Nakumbuka siku moja kule Bwera, mwanangu, ng'ombe aliulalia mkono wangu, na mkono wenyewe ukiwa bado tumboni mwake. Usicheke kwanza, ngoja nifike.

Nilikuwa nimeacha kuzunguka na pikipiki yangu kutibu mifugo ya watu, nikaanza kufundisha vijana kazi hiyo pale Kasese. Mvi nilikuwa nazo, ila katika ualimu nilikuwa mtoto wa jana. Mzoea punda hapandi farasi. Nikiwapeleka wanafunzi kwa mfugaji, sindano nachoma mimi, kwato nakata mimi, wao wamesimama kama wageni wa harusi. Nilijiambia wanajifunza kwa macho. Wapi! Nilipenda tu kuitwa daktari.

Siku hiyo alituita Bibi Kabugho, mjane ambaye mifugo yake nilikuwa nikiitibu tangu zamani. Sasa alibakiwa na ng'ombe mmoja tu, wa maziwa ya wajukuu, naye alikuwa anashindwa kuzaa. Ndama alikuwa amekunja shingo nyuma. Nikavua shati, nikazamisha mkono hadi begani. Ng'ombe akasukuma, akachoka, akajilalia chini. Nami nikalala naye, shavu kwenye kinyesi.

"Vuteni!" nikawaambia vijana. Wakanishika miguu, wakanivuta mimi. Niwalaumu vipi, na sikuwahi kuwafundisha kinachovutwa?

Mkono ulitoka, lakini umekufa ganzi, unaning'inia kama soksi iliyolowa. Ng'ombe akaanza kugumia, na Bibi Kabugho akaanza kusali. Niliogopa kweli. Mwanafunzi mmoja mwembamba, Mbambu, akapiga magoti bila kutumwa. Mimi nikabaki na maneno tu.

"Unagusa nini?"

"Shingo, mwalimu."

"Msukume ndama ndani kwanza."

"Ndani? Si tunamtaka nje?"

"Ameziba njia. Mpe nafasi, ndipo kichwa kigeuke."

Mbambu alilia, akanung'unika kwa Kikonzo maneno ambayo sitakutafsiria, akasukuma. Kichwa kikaja. Wenzake wakashika miguu ya ndama, safari hii siyo yangu, wakavuta. Ndama akaanguka kwenye nyasi, akapiga chafya.

Bibi Kabugho akanitazama pale chini nilipokaa. "Daktari, kumbe uko na mudomo? Miaka yote unakuja, unatibu, unaenda. Wewe ukikufa, ngombe zetu zikufe pia?"

Mwanangu, niliona haya hadi ganzi ikasahaulika.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kazi unayoijua peke yako utazikwa nayo. Basi mwachie mwenzako aguse, hata akikosea, hata akikutukana kwa lugha ya kwao, nawe simama karibu umwelekeze. Mungu akujalie mikono yenye ustadi, na akupe ujasiri wa kuitia mfukoni wakati mwanafunzi wako anapojaribu.