Soda Ajifunza Kujichoma Sindano

Fundi rangi mmoja alikuwa haonji pombe hata ya kulamba, ndiyo maana wenzake wakamwita Soda. Kila jengo lilipokamilika na mafundi wakafungua chupa zao, yeye alifungua ya kwake, tamu na nyekundu, akainywa polepole kama aliyepewa ailinde. Basi fikiria aibu iliyomkuta siku alipoanza kuyumba.

Ulianza mguu wa kushoto. Alikuwa juu ya ngazi akipaka pembe ya dari, ghafla mguu ukafa ganzi kama si wake. Ukapona wenyewe baada ya wiki mbili, naye akarudi ngazini bila kumwambia mtu. Miezi michache baadaye likafuata jicho la kulia: nyekundu aliiona kama imetiwa maziwa. Fundi rangi asiyeamini jicho lake ni kama mpishi asiye na ulimi. Akachanganya rangi ya sebule moja ikatoka kituko, na alipokuwa akiieleza, akapepesuka mbele ya mwenye nyumba.

"Soda," msimamizi akasema, "leo umechanganya rangi au umechanganya vinywaji?"

Watu wakaangua kicheko. Kesho yake akaambiwa apumzike mpaka aitwe, na hakuitwa.

Habari hufika nyumbani kabla ya mwenye nayo. Alipoingia tu, mke wake akamsogelea.

"Baba, hebu nipulizie."

Akapuliza. Mke akanusa, akanusa tena, kisha akakaa kitini ghafla. Angekuta harufu angegomba, wakayamaliza. Hakukuta kitu, na hilo ndilo lililomtisha.

"Kesho hospitali," akasema. "Na usinitajie kazi."

Wakazunguka vyumba vya vipimo wiki nzima, mpaka Soda akalazwa ndani ya mashine kubwa ya picha inayogonga kama mafundi bati. Daktari wa mishipa ya fahamu akawaeleza: ni ugonjwa ambao pale kliniki wanauita emu esi. Kinga ya mwili inageuka na kuguguna utando unaofunika mishipa ya ubongo na uti wa mgongo. Alieleza mengi na mazuri, ila Soda masikio yalishaziba.

Walipotoka, muuguzi mmoja mama mfupi, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliwafuata kwenye korido akaketi nao kwenye benchi.

"Daktari amesema maneno mengi. Wewe umeshika lipi?"

"Nimeshika 'hauponi', Sista. Hilo tu."

"Haya, tuyaokote yaliyobaki, moja moja."

Wakayaokota. Kwamba ugonjwa huo hauui kesho. Kwamba hauambukizi, kwa hiyo mama asitenge vikombe. Kwamba dawa hairudishi kilichokwisha kuharibika, bali inapunguza mashambulizi yajayo. Kwamba uchovu atakaousikia ni wa ugonjwa, si uvivu. Hapo mke akainamisha kichwa, maana neno uvivu alishalitumia. Sista hakumwangalia. Aliandika namba ya simu ya kliniki kwenye karatasi mbili, akampa kila mmoja yake.

Dawa yenyewe ilikuwa sindano, mara tatu kwa wiki, ajichome mwenyewe. Soda, mtu wa kupanda ghorofa nne kwa ngazi ya mbao, alipoiona sindano jasho likamtoka. Sista akampa kipande cha godoro afanyie mazoezi.

"Leo paja la kulia, keshokutwa la kushoto, kisha tumbo. Usirudie palepale. Ukuta ukiupaka sehemu moja kila siku unakuwaje?"

"Unafanya manundu."

"Na wewe utafanya manundu."

Siku ya kwanza alijichoma mbele ya Sista. Mke ndiye aliyefumba macho.

Lakini nyumbani, baada ya kila sindano, homa na baridi vilimwangusha, mwili ukamuuma kama aliyebeba saruji. Wiki ya pili akaacha kimyakimya. Boksi likabaki kwenye friji, naye akawa anaingia chumbani, anakaa kidogo, anatoka akijishika paja.

Jumatatu simu ikaita. Alikuwa Sista, hakuna aliyemwomba apige.

"Sindano zinaendaje?"

"Vizuri, Sista."

"Vizuri namna gani?"

Soda akaeleza yote, mke akiwa amesimama mlangoni anasikia. Sista hakufoka. Alisema homa hiyo huwapata wengi mwanzoni na hupungua. Achome jioni, ameze dawa ya homa kabla, na akishindwa apige simu badala ya kuigiza.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mke akasema baada ya simu kukatwa, kisha akaenda kumchemshia maji.

Homa ikapungua kweli. Lakini baada ya miezi minane mguu ukafa tena. Soda alifika kliniki akijiburuta, ameegemea bega la mke, kichwa chini.

"Sista, nimekuangusha."

"Umeniangusha wapi? Mimi si mwalimu, na huu si mtihani wako. Dawa ndiyo haijatosha."

Akatundikiwa dripu siku tatu. Daktari akambadilishia dawa, zamu hii vidonge, na Sista akaanza naye upya: vipimo vya damu, dalili za kuripoti, tarehe za kurudi.

Sasa ni mwaka wa tatu na hajashambuliwa tena. Ngazi ameachana nazo. Anachanganya rangi na kupaka kuta za chini, akichoka anakaa juu ya ndoo bila kujieleza. Msimamizi, aliposikia kuwa ulikuwa ugonjwa, alimfuata mwenyewe kumwomba radhi, naye akaipokea bila kinyongo.

Hivi karibuni alimuuliza Sista amletee zawadi gani. Sista akakataa zawadi, akamwonyesha mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa ameshikilia boksi lake la kwanza la sindano kama limejaa mayai.

Soda akaketi karibu naye. "Dada, wiki mbili za mwanzo utatuchukia sote," akamwambia. "Mpigie Sista. Usifanye kama mimi."

Mwalimu akacheka kidogo, kisha akaanza kuuliza maswali. Mke wa Soda, aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani, akauweka mkoba chini akasubiri.