Mlango wa Chumba cha Mama

Wanaojenga nyumba kwa mikono yao wenyewe huwa ama wana ujuzi ama wana kiburi. Mama Mashuka na mumewe ujuzi hawakuwa nao. Mume alikuwa fundi cherehani mjini, kwenye baraza la duka la vitambaa, na kila mtu alimwita Fundi, mkewe akiwemo. Mke alifanya kazi ya kufua katika hospitali kubwa, akisukuma toroli za mashuka wodi hadi wodi, na jina likamganda hapo. Watoto walishakua na kushika njia zao. Wawili hao wakabaki kwenye chumba cha kupanga, pamoja na kiwanja cha shamba walichokinunua enzi za nguvu zao, na sasa wakaamua kukijenga wakiwa na migongo mibovu.

Ukuta wa kwanza waliujenga wakaubomoa, wakaujenga tena wakaubomoa tena. Haukuwa umepinda kiasi hicho. Tatizo ni kwamba Fundi akishika mwiko, Mama Mashuka alikuwa na la kusema, na Mama Mashuka akishika mwiko, Fundi alikuwa na mawili. Jirani yao, mwashi aliyestaafu, aliwatazama kutoka upande wa pili wa uzio mpaka akachoka. Akawaambia kwamba kwa midomo hiyo wangekuwa wameshafika kwenye paa, ila nyumba haijengwi kwa midomo. Siku hiyo wakawekeana sharti: ukuta mbichi hausemwi. Anayejenga aachwe ajenge, na kama kuna kasoro, isemwe saruji ikishakauka. Nyumba ikaanza kupanda.

Chumba cha nyuma, chenye dirisha la kutazama mihogo, kilikuwa cha mama yake Mama Mashuka. Bibi huyo aliishi mjini kwa mwanawe wa kiume, ghorofani, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa pambo tu. Tangu kiharusi kimpige na kumweka kwenye kiti cha magurudumu, hakuwa amekanyaga ardhi. Alishushwa kwa kubebwa siku za kwenda kliniki, akapandishwa kwa kubebwa, basi. "Nataka niweke mguu kwenye udongo," alikuwa akisema, "hata mguu huu usiosikia."

Sasa kaka mtu alikuwa amepata uhamisho, anakwenda kufanya kazi mbali, na maneno yake yalikuwa wazi: "Dada, shule zikifungwa naondoka. Mkiwa na bati na mlango, mama ni wenu. Mkiwa bado, nakwenda naye." Na alikokuwa anakwenda nako ni ghorofani vilevile.

Mama Mashuka alipomfikishia mumewe habari hizo, Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Akasema, "Tutaona."

Aliyeolewa anajua uzito wa neno hilo. "Tutaona" ya mume ni "hapana" iliyopigwa pasi. Mama Mashuka alilimeza, lakini halikushuka.

Hata hivyo, Fundi alikubali kwenda kupima. Walikwenda kumtembelea bibi, na baada ya chai Fundi akatoa futi yake ya kushonea shingoni. Mkwe hapimwi ovyo, kwa hiyo yeye alisimama pembeni kwa adabu na mkewe ndiye aliyeshika futi. Akapima upana wa kiti, kiwiko hadi kiwiko, urefu wa macho ya bibi akiwa amekaa, na mkono wake ulipofikia. Dirisha liwe chini ili aone nje, kitasa kiwe karibu na mkono mzima. Mama Mashuka alisoma namba, Fundi akazirudia kimoyomoyo kama afanyavyo kwa wateja wake.

"Mkwe wangu," bibi akauliza, "unanishonea sanda nini?"

"Hapana mama, nakushonea chumba."

Bibi alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mama Mashuka naye alicheka, na njiani kurudi karibu asahau ile "tutaona".

Basi ngoja niwaeleze kosa lilivyoingia, maana halikuingia kwa uzembe. Milango mingine yote ya nyumba ile ilijengwa kwa fremu kuukuu, walizozinunua kwenye nyumba iliyokuwa inavunjwa. Fremu ilisimamishwa kwanza, tofali zikaifuata, hapakuwa na cha kukosea. Fremu ya chumba cha bibi ilikuwa itengenezwe mpya kwa seremala, kwa hiyo Fundi aliacha uwazi ukutani. Akachukua upana wa kiti, akaongeza vidole vichache huku na vichache kule, kama anavyoongeza akiba ya mshono, akaridhika. Kwenye nguo ukiongeza umeongeza. Kwenye ukuta fremu inakuja na unene wake, inaila akiba yote na bado haijashiba.

Mama Mashuka aliliona kosa kabla tofali hazijafika kiunoni. Mtu aliyechubuliwa vidole na milango ya wodi miaka yote hahitaji futi. Alisimama na ndoo ya maji mkononi, akafungua mdomo, akakumbuka sharti, akaufunga.

Ukuta ukakauka. Hapo angesema. Lakini kunyamaza nako kuna utamu wake mchungu, na ile "tutaona" ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Upana wa kiti Fundi anaujua, aliwaza, nilimsomea mimi kwa mdomo wangu. Mtu anayeshona koti bila kumgusa mwenye koti, ashindwe na mlango? Kumbe hamtaki. Anaona haya kusema, kaacha ukuta umsemee. Akawa anamtazama mumewe akichanganya saruji, akipiga mluzi, na kila mluzi aliuhesabu kuwa ushahidi. Waliosema mficha uchi hazai walimjua vizuri mwanamke huyu, ila yeye siku hizo hakuwa na masikio ya methali.

Kaka yake akampigia simu akiwa kazini, kati ya mashine za kufulia. "Dada, naanza kufunga mizigo. Nyumba vipi?"

Mama Mashuka akaegemea toroli. "Nenda naye tu," akasema. "Chumba hakitamfaa."

"Shemeji anasemaje?"

"Ndiyo hivyo anavyosema."

Naye Fundi hakuwa amesema lolote, maskini wa Mungu. Hata kuulizwa hakuulizwa. Mama Mashuka alikata simu akarudi kwenye mashuka yake, na mchana ule alikunja vibaya mpaka msimamizi akamuuliza kama anaumwa.

Jumamosi iliyofuata alitangulia shamba. Fundi alikuja baadaye kwa gari la mizigo, amekaa juu ya mifuko ya saruji. Kando yake kulikuwa na fremu mpya ya mlango. Nyuma ya fremu, kimefungwa kwa kamba, kulikuwa na kiti cha magurudumu.

"Nimekiazima kwa wenzako hospitalini," akasema akishuka, uso mzima umefunguka. "Niliwaambia wasikwambie. Nataka tujaribu chumba cha mama kabla hajaja, asije akapata tabu siku ya kwanza."

Mama Mashuka akamsaidia kushusha kiti bila kumtazama usoni.

Fundi alisimamisha fremu kwenye uwazi, akaikaza kwa vipande vya mbao. Kisha akaketi mwenyewe kwenye kiti, akanyoosha shati, akajisukuma kwa maringo kama bwana harusi. Gurudumu la kulia liligonga ubao, la kushoto likagonga ubao. Akarudi nyuma, akaja tena, vidole vikachubuka. Akakaa pale mlangoni akitazama fremu, kisha ukuta, kisha fremu.

"Nimeupa ukuta akiba ya nguo, nikasahau unene wa fremu," akasema taratibu. "Mimi mjinga."

Alisimama, akaitoa fremu, akaenda kuchukua nyundo na tindo, akaanza kubomoa. Tofali la tatu lilipoanguka akasimama, akageuka.

"Lakini wewe unasukuma toroli kila siku. Hili hukuliona?"

"Nililiona."

"Ukanyamaza?"

"Ukuta ulikuwa mbichi."

"Umekauka tangu lini?"

Mama Mashuka akasema yote, kwa sauti ndogo, akitazama miguu yake: ile "tutaona", mlango, dhana, simu. Aliposema "nenda naye tu", Fundi aliweka nyundo chini.

"Nilisema tutaona," akajibu, "kwa sababu nilikuwa sijui kama tutafika kwenye lenta, sembuse paa. Tulikuwa tumebomoa ukuta mmoja mara ngapi? Ningemwahidi mtu mzima kitu gani?" Akafuta jasho. "Na wewe umenipikia na kunipakulia siku zote hizi ukiniona mtu wa hivyo."

Hakupandisha sauti. Mama Mashuka angefurahi kama angepandisha.

"Mpigie kaka yako," Fundi akasema.

Akapiga, simu akaiweka sauti ya nje ili na Fundi asikie. Kaka alipokea katikati ya kelele za makabati yakisogezwa. Alipoelewa, akaguna, akasema yeye hana neno, ila mama alikwishaambiwa kwamba haendi tena huko shamba, na hakula siku mbili. Aulizwe mwenyewe. Ikasikika simu ikibadilisha mikono.

"Mama," Mama Mashuka akasema, "chumba kipo. Tunakutaka uje."

Kisha sauti ya bibi, yenye ulimi mzito upande mmoja, ikauliza, "Mume wako yupo hapo?"

"Yupo, mama."

"Mpe."

Fundi akainama kwenye simu kana kwamba mkwe anamwona. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ni wewe uliyenipimia chumba?"

"Ni mimi, mama."

"Walipokuja kuniambia siji tena, nikadhani labda nimenenepa."

"Hapana, mama. Niliuacha mlango mwembamba. Kosa langu. Naubomoa sasa hivi."

"Ulikuwa unajua ni mwembamba?"

"Nimejua leo."

"Na mwanangu, yeye alijua lini?"

Fundi alimtazama mkewe, kisha akatazama chini. "Mama, sisi hapa tunajenga wawili," akasema. "Kosa ni letu."

Bibi akacheka kidogo puani, cheko la mtu aliyezaa na kulea na hadanganyiki. "Vizuri," akasema. "Nakuja. Ila nakuja kwako wewe, baba. Huyo aliyenizika kwa simu akanizaa upya kwa simu, mwambie tutasalimiana nikifika."

Simu ikakatika. Fundi aliokota nyundo yake, akarudi ukutani. Mama Mashuka alichuchumaa kwenye kifusi, akampa mumewe mgongo ili asimwone analia, akaanza kukwangua saruji kwenye tofali, maana zile nzima zingehitajika tena.