Picha ya Wamarekani Wawili

Asubuhi ile ya mwaka 2015 nilikuwa nasuka, na kama kawaida nilikuwa nagombana na Papa Saidi. Yeye alikuwa fundi wa simu, mlango wa pili kutoka saluni yangu, mjini Durban. Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa, ila mababu zake walitoka Afrika Mashariki. Ugomvi wetu ulihusu picha iliyo ukutani mwangu: Wamarekani weusi wawili wa zamani, mmoja mchungaji, mwingine mhubiri wa Kiislamu, wanapeana mikono huku wakicheka.

“Mama Neema, hii picha wameiunganisha. Hawa walikuwa wakipingana hadharani. Wakutane wapi?”

“Walikutana! Uko na wivu tu kwa sababu picha iko kwangu.”

Tulikuwa tumewekeana dau: nikishindwa nampikia sombe, majani ya muhogo ya kwetu, akishindwa analeta pilau. Mjukuu wake aliyesoma chuo kule Westville ndiye alitumwa kutafuta ukweli.

“Jibu nimepata jana,” akasema Papa Saidi, mjanja yule. “Maliza kusuka kwanza.”

Mayowe yakatokea upande wa robot, kwenye taa za barabarani. Wageni watoke! Sauti za namna ile nilizijua. Ndizo zilinitoa kwetu Bukavu, Kongo.

“Ingieni nyuma, zimeni taa,” Papa Saidi akasema. Akashusha lango la chuma, akapiga kufuli kwa nje, ionekane hakuna mtu.

Ndani tulibaki watatu: mimi, binti yangu Neema, na mteja aliyesukwa nusu kichwa.

Wakafika.

Nikamsikia Papa Saidi akiwaambia kwa Kizulu kwamba wenyewe wameondoka. Wakataka ufunguo. Akasema hana.

Wakampiga.

Nilimziba Neema mdomo. Mungu anisamehe, hata jina la Papa Saidi sikuita.

Baada ya muda mrefu kufuli likafunguka. Papa Saidi alisimama mlangoni, mguu mmoja hauna kiatu, damu inamtoka sikioni. Ufunguo alikuwa ameuficha ndani ya soksi.

“Tokeni, polisi wamefika.” Akaitazama ile picha, akacheka kidogo. “Eish, Mama Neema. Jibu lako kesho.”

Kesho yake alikuwa hospitali, mimi niko kambini, kwenye hema la wageni waliofukuzwa. Siku ya tatu akafariki. Hata kumzika sikwenda, barabara zilikuwa bado na hatari.

Wiki iliyofuata mjukuu wake alinitafuta pale hemani, amebeba sufuria. Akanieleza kwamba wale wawili walikutana mara moja tu, kwenye jengo la bunge la nchi yao, kama dakika moja hivi. Wakapigwa picha. Hawakuonana tena, na wote wawili waliuawa.

“Babu alisema, apone asipone, pilau yako ikufikie.”

Nilifunua. Ilikuwa imejaa nyama. Nilijaribu kula, nikalia mbele ya watu wote wa hema. Neema ndiye aliyekula.

Wale walipata dakika moja, na dunia inaitazama mpaka leo. Mimi na Papa Saidi tuligombana mlangoni miaka sita, na hatuna picha hata moja.