Mkwe Wangu na Mtumbwi wa Uokozi

Sitaki tena kuambiwa habari ya heshima. Nimeishi nayo miaka hamsini na miwili, nimeifundisha darasani, na Januari iliyopita nusura initoe roho katikati ya ziwa, mchana kweupe, watu wakitazama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Uriri. Daktari aliponiambia presha imepanda, nilianza kwenda kazini kwa baiskeli. Nikaipenda. Nikaongeza kukimbia jioni, na mwishowe nikajifunza kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja mjini Migori, katikati ya watoto wa miaka minane wanaonirushia maji usoni. Kwa hiyo niliposikia kwamba Homa Bay kutakuwa na mashindano ya michezo mitatu mfululizo, kuogelea ziwani mita mia saba na hamsini, baiskeli kilomita ishirini, halafu kukimbia kilomita tano, nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Sikutaka kushinda. Nilitaka kumaliza, jina langu liandikwe kwenye orodha ya waliomaliza, basi.

Shida ilianza na simu. Binti yangu ameolewa Homa Bay, na mume wake ni mvuvi. Waandaaji walikuwa wamempa kazi ya kukaa kwenye mtumbwi wa uokozi. Sasa mimi ni Mkuria na yeye ni Mjaluo, tunaelewana kwa Kiswahili, lakini kwa mambo ya mama mkwe makabila yetu yote mawili ni kitu kimoja. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, jina lake silitamki, na kuniona sijavaa sawasawa ni mwiko. Binti yangu akasema mumewe ameona aibu sana, anaomba nijitoe. Aibu ya nini? Nilimweleza kwamba nitavaa suruali ya kubana hadi kwenye vifundo vya miguu na fulana ya mikono mirefu, nimejifunika kuliko yeye akienda sokoni. Akasema nguo ikilowa maji inakuwa nyingine. Nikamjibu kwamba ziwa halikuwa sehemu ya mahari, nikakata simu.

Tulipaswa kuanza saa moja asubuhi, maji yakiwa yametulia na jua bado lina huruma. Tulianza saa nne na nusu. Kisa? Mgeni rasmi hajafika. Tukasimama ufuoni na kofia za mpira kichwani, tunachemka kama mayai, huku chupa za maji zilizokuwa za meza zetu za njiani zikibebwa kupelekwa kwenye hema la wageni. Nilimuuliza msimamizi mmoja wakimbiaji watakunywa nini. Akaniambia, mwalimu, tulia. Mgeni alipofika alituhutubia kuhusu umuhimu wa afya, akiwa kivulini. Jamani, watu wengine hawana haya!

Tukaingia majini. Njia ilikuwa imewekewa mitungi ya manjano ya plastiki inayoelea, na tulikuwa tumeambiwa: ukishindwa, inua mkono, mtumbwi utakuja. Mtungi wa kwanza niliupita vizuri. Karibu na wa pili, misuli ya mguu wa kulia ikakazana hadi nikameza maji. Nikaukumbatia mtungi, nikainua mkono.

Mtumbwi ulikuwa karibu, hata nyuzi za kofia ya ukindu ya mpiga kasia niliziona. Nilichoona ni mgongo. Mkwe wangu alikuwa ameketi amegeukia upande wa pili, mtu aliyewekwa pale kututazama, anatazama magugu maji!

Nikaita, "Mwenye mtumbwi!" Nikamwona ameshtuka, sauti yangu anaijua. Unafikiri aligeuka? Hakugeuka. Alianza kupiga kasia kinyumenyume, mgongo mbele, akija kwangu bila kuona, halafu akalirusha kasia nyuma ili nilishike. Likagonga mtungi, shubiri moja kutoka kichwani pangu.

Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Halafu nikauachia ule mtungi, nikalala chali majini, nikaukanda mguu wangu mwenyewe hadi ukalegea, nikaendelea. Nilitoka majini karibu wa mwisho.

Baiskeli niliendesha kwa hasira tupu. Kilomita ishirini sikumbuki kitu isipokuwa lami inayometameta na maneno niliyokuwa nikiyapanga kumwambia yule kijana. Ati heshima! Kwa hiyo ningezama, angenizika kwa heshima pia?

Kukimbia ndiko kulikonimaliza. Ilikuwa imeshapita saa sita, na meza ya maji ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili pia. Zikiwa zimebaki kama mita mia nne, nikiwa nausikia muziki wa kwenye mstari wa mwisho, magoti yakakunjika, nikajikuta nimeketi kando ya barabara. Msimamizi mwenye pikipiki akasimama akaniuliza aite gari. Nilijua nikipanda gari jina langu linafutwa, na yeyote atakayeniinua amenitoa mashindanoni. Nikamwambia angoje.

Hapo ndipo mkwe wangu alipokuja mbio kwa miguu, na chupa ya maji mkononi. Akaiweka chini, hatua tatu kutoka nilipo, akageuka akanipa mgongo tena. Hatua tatu tu, na miguu yangu imekataa hata moja.

"Ulinisikia kule ziwani?" nikamuuliza.

"Nilikusikia, Mama."

"Na kama ningezama?"

"Nilitaka kugeuka. Mke wangu ndiye aliyeniapisha. Mimi sikukukataza kuja. Alisema nikikuona hivyo, yeye hatatembea tena sokoni."

Binti yangu. Niliyemzaa mwenyewe, niliyemfunza kuoga, ndiye aliyekuwa akinionea aibu, na akamsingizia mume wake.

"Baba," nikamwambia, "naomba ugeuke uniletee maji."

Akageuka. Alinitazama usoni, macho yamejaa machozi, akaokota ile chupa akanitia mkononi. Nikanywa nusu, nusu nikajimwagia kichwani, fulana ikanishika mwili wote, na hakuangalia pembeni. Nikaweka viganja kwenye lami yenye moto, nikajiinua mwenyewe. Yeye akatembea kando ya barabara, sambamba nami, ananitazama kila hatua kama mtu anayefanya kazi aliyopewa.

Binti yangu alikuwa amesimama baada tu ya mstari wa mwisho, ameshika leso ya kujifunga imekunjuliwa, mikono ameitanua, tayari kunifunika kabla watu hawajaniona vizuri. Nilivuka mstari. Nilisubiri hadi mwandishi wa orodha ya waliomaliza aliponiuliza jina, nikamtajia, nikahakikisha ameliandika.

Kisha nikaichukua ile leso kutoka mikononi mwake, nikajifuta jasho la uso, nikamrudishia.